Mitishamba na Akili ya Mgonjwa wa Skizofrenia: Tumjibu Nini Mama Huyu?



Ndugu msomaji, kuna swali ambalo frateri aliyepata kukaa parokiani amewahi kuulizwa, au ataulizwa siku moja. Misa imekwisha, watu wanatawanyika, na mama mmoja anabaki nyuma karibu na mlango wa sakristia. Mkononi ana mfuko mdogo wenye unga wa kahawia. Anaeleza kwa sauti ya chini kwamba kijana wake, aliyekuwa akishika nafasi za juu darasani, alianza kusikia sauti za watu wasioonekana akiwa kidato cha tano. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, sauti zikatulia. Lakini tangu hapo hawezi kusoma ukurasa mmoja akakumbuka alichosoma. Akitumwa dukani vitu vitatu, anarudi na kimoja. Sasa jirani amemletea mama unga huu wa mizizi, akisema unazuia akili isiendelee kupotea. Sharti ni moja tu: kijana aache kwanza vidonge vya hospitali. "Frateri, nimpe au nisimpe?"

Mama huyu ni mfano, lakini kila parokia inamjua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya watu 300 hivi duniani ana skizofrenia, jumla yao wakiwa kama milioni 24. Kwa hiyo katika parokia yenye waamini elfu kadhaa hatukosi familia zinazobeba msalaba huu, ingawa nyingi huubeba kimya.

Jibu fupi la swali lake ni hili: mpaka leo hakuna mtishamba uliothibitishwa kuzuia kupungua kwa akili kwa mgonjwa wa skizofrenia. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi. Mama anahitaji kujua kwa nini, tena anahitaji kujua ni kitu gani kinachoweza kumlinda mwanawe. Makala haya yanajaribu kumpa jibu lililokamilika.

SKIZOFRENIA NI NINI, NA AKILI HUPUNGUA VIPI?

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo na akili ambao kwa kawaida huanza ujanani, kati ya miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya thelathini ya mwanzo. Wanaume huwahi kidogo kuliko wanawake. Dalili zake hugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni dalili ambazo kila mtu huziona: kusikia sauti, kuamini mambo yasiyokuwapo kama vile kufuatwa au kurogwa, na kuongea maneno yasiyoshikana. Fungu la pili ni mambo yanayopungua: mgonjwa anakosa hamu, anajitenga, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, haogi mpaka asukumwe. Fungu la tatu ndilo analolilia mama yetu. Ni kupungua kwa utambuzi, yaani uwezo wa kuweka mawazo mahali pamoja, kushika jambo kichwani kwa muda mfupi, kukumbuka, kupanga hatua za kazi, na kuelewa haraka anachoambiwa.

Fungu hili la tatu halina kelele, na kwa sababu hiyo husahaulika. Mgonjwa anayepiga kelele usiku hupelekwa hospitali. Mgonjwa aliyekaa kimya kwenye kigoda, asiyeweza kufuata maelekezo ya fundi wake, huitwa mvivu. Lakini utafiti wa miaka mingi unaonyesha kwamba uwezo wa utambuzi una uzito mkubwa katika kuamua kama mgonjwa atarudi shuleni, atapata kazi, au ataweza kuishi bila kutegemea wengine kwa kila jambo.

Mafrateri wanaosoma Kilatini watakumbuka kwa urahisi jina la kale la ugonjwa huu. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliuita "dementia praecox", maana yake kupotewa na akili mapema. Aliamini kwamba kila mgonjwa ataendelea kuporomoka. Mwaka 1908 daktari Mswisi Eugen Bleuler alileta jina jipya kutoka Kigiriki, kutokana na maneno ya kupasua na akili, kwa sababu aliona kwamba si wote wanaoporomoka, tena si wote wanaougua ujanani tu.

Bleuler alikuwa na sababu. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya upungufu huu hutokea mapema, hata kabla sauti hazijaanza. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Wale waliokuja kupata skizofrenia walionekana uwezo wao wa akili ukishuka kati ya utoto na umri wa miaka 38, hasa katika kasi ya kufikiri, kujifunza na kukumbuka. Baada ya ugonjwa kujitokeza, kwa wagonjwa wengi hali hiyo hukaa karibu pale pale kwa miaka mingi. Hii ina maana mbili kwa mama. Kwanza, vidonge sivyo vilivyoanzisha tatizo lote, kwa kuwa dalili zake zilikuwapo kabla ya vidonge. Pili, mwanawe hajahukumiwa kuporomoka bila mwisho.

MMEA ULIOWAHI KUWA DAWA YA HOSPITALI

Kabla ya kumwambia mama kwamba unga wake haujathibitishwa, ni haki tukiri kwamba mitishamba na ugonjwa huu vina historia ya heshima.

Nchini India kuna mmea mdogo unaoitwa sarpagandha, kwa jina la kitaalamu Rauvolfia serpentina. Waganga wa huko walitumia mizizi yake kwa karne nyingi kuwatuliza watu wenye wazimu. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Kihindi, Gananath Sen na Kartick Bose, waliandika katika jarida la tiba kwamba mmea huo unasaidia wazimu na shinikizo la damu. Mwaka 1952 wanakemia huko Basel, Uswisi, walitenga ndani ya mzizi huo kemikali iliyoitwa reserpini. Mwaka 1954 daktari Nathan Kline wa New York alitangaza matokeo ya kuwapa reserpini wagonjwa wa akili hospitalini. Wengi walitulia. Kwa miaka michache dawa iliyotoka katika mzizi wa waganga ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za kisasa za skizofrenia.

Na sisi tuna ndugu wa mmea huo karibu. Huko Kilimanjaro kuna mti ambao Wachaga huuita msesewe, na magome yake hutiwa katika mbege kuipa uchungu. Kitaalamu ni Rauvolfia caffra, wa jenasi ile ile ya sarpagandha. Hii haina maana kwamba mbege ni dawa ya akili! Miti ya jenasi moja haina kemikali sawa wala kwa kiasi sawa, na pombe yenyewe humdhuru mgonjwa wa skizofrenia. Lakini inatukumbusha kwamba misitu yetu si mitupu.

Hata hivyo tuisome historia hii mpaka mwisho. Reserpini ilishusha shinikizo la damu, iliwafanya wagonjwa wengine wasinzie na kulegea, na wengine waliripotiwa kuzama katika huzuni nzito. Dawa nyingine, klopromazini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumika Paris mwaka 1952, nayo ikachukua nafasi yake. Tena, mzizi ule ulituliza sauti na fujo. Haukuonyeshwa kurudisha kumbukumbu wala umakini. Kumtuliza mgonjwa ni jambo moja, na kumlindia akili ni jambo jingine. Mtu akisema mtishamba wake "unatibu wazimu", bado tumuulize unatibu nini hasa.

MIMEA INAYOCHUNGUZWA LEO

Kwa nini wataalamu bado wanaitazama mimea? Sababu ni ya kweli. Dawa za hospitali tulizo nazo hufanya kazi hasa kwa kupunguza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Hutuliza sauti vizuri, lakini kwa umakini na kumbukumbu msaada wake ni mdogo. Pengo lipo, na watafiti wanatafuta cha kulijaza. Mimea miwili imechunguzwa zaidi kuliko mingine.

Wa kwanza ni ginko, mti wa China ambao majani yake hutengenezwa vidonge vinavyouzwa duniani kote kama dawa ya kumbukumbu. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika China kwa wagonjwa 109 wa skizofrenia. Wote walipewa haloperidoli kwa wiki 12. Nusu yao waliongezewa ginko, na nusu waliongezewa kidonge kitupu kisicho na dawa, bila kujua nani kapewa nini. Waliopata ginko walipata nafuu zaidi ya dalili. Ni habari njema, lakini tuangalie mambo mawili. Ginko ilitolewa pamoja na haloperidoli, si badala yake. Na kilichopimwa ni dalili za ugonjwa, si kuzuia kupungua kwa kumbukumbu.

Je, ginko huzuia akili kupungua? Swali hilo liliulizwa kwa watu wengine, yaani wazee wasio na skizofrenia. Nchini Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walipewa ginko au kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa miaka sita hivi. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Waliopatwa na ugonjwa wa kupoteza akili za uzeeni walikuwa 277 upande wa ginko na 246 upande wa kidonge kitupu. Ginko haikuzuia lolote.

Mmea wa pili ni ashwaganda, Withania somnifera, unaotumika sana India na ambao pia huota wenyewe katika sehemu kavu za Afrika Mashariki. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 66 wa skizofrenia waliopewa dondoo ya mmea huu au kidonge kitupu kwa wiki 12, juu ya dawa zao za kawaida. Waliopata ashwaganda walipungukiwa na msongo na dalili kadhaa. Sauti na imani potofu hazikubadilika kwa kiasi cha kutosha. Miaka mitano kabla, mwaka 2013, jaribio jingine dogo la wiki nane lilionyesha mmea huo ukiboresha baadhi ya vipimo vya utambuzi, lakini wagonjwa hao hawakuwa na skizofrenia. Walikuwa na ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia.

Tujumlishe. Kuna dalili za matumaini, majaribio ni madogo, muda wake ni wa wiki na si wa miaka, na karibu yote yalifanyika mgonjwa akiendelea na dawa zake. Kusema "mmea huu huzuia akili kupotea" ni kusema zaidi ya yale yanayojulikana.

MIMEA INAYOIDHURU AKILI

Watu wengi husema dawa za mitishamba hazina madhara kwa kuwa zimetoka kwa Mungu. Lakini hata upupu umetoka kwa Mungu, na hakuna anayejipaka.

Mmea ambao uhusiano wake na skizofrenia umechunguzwa kwa kina kuliko yote ni bangi, na habari zake si njema. Huko Sweden vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 waliulizwa kuhusu matumizi yao ya bangi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wameivuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara sita zaidi ya wale ambao hawakuwahi kuivuta. Tafiti nyingine zilizofuata zimethibitisha uhusiano huo. Kwa kijana ambaye tayari anaugua, bangi huamsha ugonjwa na kumrudisha wodini. Miraa ikitafunwa kwa wingi nayo huweza kuzidisha sauti na wasiwasi, na humnyima mgonjwa usingizi anaouhitaji.

Kuna pia mnanaha, mmea wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda yenye miiba, unaoota kwenye majalala na mashamba. Ndani yake kuna kemikali zinazozuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia katika kujifunza na kukumbuka. Mtu akipewa kwa wingi huchanganyikiwa kabisa, na anaweza kufa. Mbaya zaidi, mganga asiye mwaminifu anaweza kuutumia kumfanya mgonjwa alegee, na familia ikadhani ametulia.

Hata mmea mzuri unaweza kuuzwa ukiwa mbaya. Mwaka 2004 madaktari wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za asili za Kihindi zilizonunuliwa madukani. Katika 14 walikuta risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo. Fikiri mzazi anayelipa fedha ili akili ya mwanawe ilindwe, kumbe ananunua sumu ya ubongo bila kujua. Unga usio na jina, usio na kipimo, usio na aliyeupima, hauwezi kujulikana kwa kuangalia rangi yake.

Mwisho, mtishamba unaweza kugombana na dawa za hospitali. Ginko huweza kuongeza hatari ya kutoka damu, hasa kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Ashwaganda imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watu, na huweza kuvuruga tezi ya shingo. Ndiyo sababu daktari lazima aambiwe.

HATARI KUBWA KULIKO ZOTE

Turudi kwa lile sharti la jirani: "aache kwanza vidonge". Hapo ndipo penye moto.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya majaribio 65 yaliyowekwa pamoja, yenye wagonjwa 6,493 wa skizofrenia waliokuwa wametulia. Katika muda wa mwaka mmoja, kati ya walioendelea na dawa, 27 katika kila 100 waliugua tena. Kati ya walioachishwa na kupewa kidonge kitupu, 64 katika kila 100 waliugua tena. Kuacha dawa kuliongeza hatari zaidi ya maradufu.

Na kuugua upya si kurudi tu pale mtu alipokuwa. Kijana hupoteza masomo, hupoteza kazi, huweza kujidhuru, na wengine huchukua muda mrefu zaidi kupata nafuu kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo mtishamba unaotolewa kwa sharti la kuacha dawa, hata kama wenyewe hauna sumu yoyote, unaweza kuleta hasara ile ile uliyoahidi kuizuia. Na mama anapaswa kujua kwamba hatari hii haionekani siku ya kwanza. Mgonjwa anayeacha dawa mara nyingi huonekana mchangamfu kwa wiki kadhaa, kwa sababu usingizi wa dawa umeondoka. Watu husema, "Mmeona? Mizizi imefanya kazi!" Miezi mitatu baadaye sauti zinarudi.

YANAYOLINDA AKILI KWELI

Mama asiondoke sakristia mikono mitupu. Yapo mambo yanayosaidia, na mengi hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kuwahi. Kadiri muda unavyokuwa mfupi kati ya dalili za kwanza na matibabu, ndivyo mgonjwa anavyotarajiwa kupata nafuu zaidi. Familia nyingi hupoteza mwaka au miaka wakizunguka, huku kijana akiendelea kuungua ndani.

La pili ni kutumia dawa bila kukatiza. Asiyekumbuka vidonge vya kila siku anaweza kumuuliza daktari kuhusu sindano ya muda mrefu, inayochomwa mara moja kwa wiki kadhaa.

La tatu ni kuzungumza na daktari kuhusu dawa zinazofifisha kumbukumbu. Wagonjwa wengi wa kwetu hupewa benzheksoli, maarufu kama Artane, ili kuondoa kukakamaa na kutetemeka kunakoletwa na dawa nyingine. Inasaidia, lakini nayo huzuia asetilikolini, na ikitumika kwa muda mrefu inaweza kupunguza kumbukumbu. Mama anaweza kuuliza: "Daktari, bado anaihitaji? Dozi inaweza kupunguzwa?" Asiiondoe mwenyewe. Kuuliza si utovu wa adabu, na mara nyingine swali hili moja linaweza kuwa na faida kuliko mfuko wa mizizi.

La nne ni mazoezi ya mwili. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani waliwapa wagonjwa wa skizofrenia mazoezi ya kuendesha baiskeli kwa nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu iliongezeka ukubwa kwa asilimia 12, na kwa wenzao wasiofanya mazoezi haikuongezeka. Wagonjwa walikuwa 16 tu, kwa hiyo tusipige vigelegele. Lakini tafiti nyingine nazo zimeonyesha mazoezi yakiboresha utambuzi. Kutembea kwa haraka, kulima, kucheza mpira na vijana wa parokia, yote ni mazoezi.

La tano ni kuifanyisha akili kazi kwa utaratibu. Katika hospitali nyingine duniani kuna mafunzo maalumu ya kumbukumbu na umakini kwa wagonjwa hawa, na yanasaidia, hasa yakiambatana na kazi halisi. Nyumbani tunaweza kuanza na madogo: kazi moja kwa wakati mmoja, orodha ya dukani iliyoandikwa, saa ile ile ya kulala na kuamka, kusoma mistari michache na kuisimulia.

La sita ni nyumba yenye amani. Tangu utafiti wa George Brown na wenzake huko London katika miaka ya 1950 na 1960, imeonekana mara nyingi kwamba mgonjwa anayeishi katika lawama, ukali na kusimangwa huugua tena kwa urahisi zaidi. Kumwita mvivu hakumwamshi.

KANISA LINASEMAJE?

Mkatoliki hana sababu ya kudharau mitishamba. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziotesha dawa kutoka ardhini na mwenye busara hazikatai. Lakini sura hiyo hiyo inataka mgonjwa asali, ajitakase, kisha ampe daktari nafasi yake. Sala, dawa na daktari vimewekwa pamoja. Hakuna kinachomfukuza mwenzake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inaongeza onyo ambalo linatuhusu sana. Kutafuta tiba za asili hakuhalalishi kuziita nguvu za uovu, wala kunufaika na wepesi wa watu wa kuamini. Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Mtu anayejua majani na kueleza wazi anachotoa, tunaweza kumsikiliza kwa heshima. Anayepiga ramli, anayemtaja jirani kuwa mchawi, anayedai mbuzi na kuku weusi, huyo ametoka katika tiba na ameingia kwingine.

Sisi wenyewe tujichunguze pia. Namba 1673 ya Katekisimu inafundisha kwamba ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo jingine kabisa na kuitibu ni kazi ya sayansi ya tiba. Ndiyo maana ni lazima kuwa na uhakika, kabla ya kupunga pepo, kwamba jambo lililopo si ugonjwa. Na sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, hairuhusu yeyote kumpunga pepo mtu bila ruhusa maalumu na ya wazi ya askofu mahalia. Frateri, katekista au mwanamaombi anayemwambia mgonjwa "umepona, tupa vidonge" anatoa sharti lile lile la jirani mwenye unga, ila yeye amelivika msalaba.

Tunao mfano mzuri zaidi wa kuiga. Huko Geel, Ubelgiji, watu walianza tangu Zama za Kati kuwapeleka wagonjwa wa akili kuhiji katika kanisa la Mtakatifu Dimfna, msimamizi wao. Nafasi kanisani ilipokosekana, familia za mji zikawachukua nyumbani. Walikula nao, wakalima nao, wakaenda nao misani. Desturi hiyo haijafa mpaka leo, na mwishoni mwa miaka ya 1930 mji huo uliwahi kuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000 wakiishi katika nyumba za wenyeji. Leo wanaishi hivyo wakiangaliwa na madaktari. Hija haikuwa mbadala wa matunzo, ndiyo iliyoyazaa. Jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo zinaweza kufanya kitu kama hicho kwa kiasi chao: kumpa kijana kazi ya kupanga viti, kumsindikiza kliniki mama anapochoka, kumwita kwa jina lake na si kwa ugonjwa wake.

JIBU KWA MAMA

Basi, tumjibu nini? Tusimcheke, wala tusimnyang'anye mfuko wake. Mtu anayechekwa hurudi kwa jirani na haji tena kwetu. Tumwombe akae, tumsikilize mpaka mwisho, kisha tumsaidie kuuliza maswali manne kuhusu unga huo.

Kwanza, ni mmea gani? Kama anayeutoa hataki kuutaja, hiyo ni sababu tosha ya kuukataa.

Pili, unasemekana kusaidia nini hasa: sauti, usingizi, au kumbukumbu? Na nani ameupima?

Tatu, kuna sharti la kuacha dawa za hospitali? Likiwapo, jibu ni hapana, bila mjadala.

Nne, daktari ameambiwa? Aubebe mfuko huo huo, na jina la mmea, siku ya kliniki. Daktari mwema hatamfokea. Akifokewa, frateri au mwanajumuiya amsindikize mara ijayo.

Mara nyingi, baada ya maswali hayo, mama ataona mwenyewe la kufanya. Kisha tumuulize swali letu: siku ya kliniki ni lini? Tuiandike. Tumuulize pia kama kijana anaweza kuja Jumamosi kusaidia kufagia kanisa na kucheza mpira na wenzake. Kumbukumbu yake haitarudi yote kwa wiki moja, na pengine haitarudi yote kamwe. Lakini kijana anayemeza dawa zake, anayelala vizuri, anayetoka jasho, anayengojewa mahali fulani na watu wanaolijua jina lake, ana nafasi kubwa zaidi ya kuitunza akili aliyobaki nayo kuliko kijana aliyeachwa kwenye kigoda na bakuli la mizizi.

Mtakatifu Dimfna, utuombee.